Mguu Unaolegea Kila Wiki

"Mguu gani huu unaolegea kila wiki? Ni mguu au bawaba ya mlango wa choo?"

Mama aliutua mguu bandia wa binti yake juu ya meza ya mkurugenzi, kiatu na soksi vikiwa bado vimevaliwa. Mkurugenzi alirudisha nyuma kiti chake cha magurudumu, akakipisha kiatu.

"Mama, tuongee taratibu."

"Taratibu nimeongea tangu mwezi jana! Kituo chenu ni cha hisani, mguu tumepewa bure, nashukuru. Ndiyo mwanangu aanguke sokoni kama gunia?"

Binti mwenyewe, mshonaji nguo, alikaa pembeni. Walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Leo ulipumzika. Mlangoni alisimama fundi wa miguu bandia. Huyo walimwita Kimya, na jina lilimkaa kama shati la kupimwa.

"Fundi," mkurugenzi akauliza, "skrubu ya kifundo inalegea kwa nini?"

Kimya aliushika mguu, akaugeuza, akamtazama Chiriku.

"Kosa langu."

"Mmesikia? Kakiri mwenyewe!"

Mkurugenzi alishusha pumzi. "Basi kuanzia leo utakaa stoo, mpaka bodi iamue kama unabaki kazini."

Kimya alikaza skrubu, akapiga goti, akamvalisha Chiriku mguu wake, akatoka.

Mkurugenzi alimchukua Mama kantini akapoe kwa chai. Chiriku alibaki kwenye benchi la nje, simu mkononi, akamwandikia Kimya.

*Kwa nini umekubali kosa ambalo si lako?*

*Bora mimi niende stoo kuliko wewe uaibike mbele ya mama yako.*

*Kwani unajua nini?*

*Kichwa cha skrubu kina mikwaruzo. Bisibisi yangu haikwaruzi. Ya cherehani inakwaruza.*

Chiriku alihisi masikio yanawaka moto. Ni kweli, alikuwa akiulegeza mwenyewe chumbani, amejifungia. Mazoezi ya kutembea yalikuwa yamekwisha. Bila mguu kulegea, angerudi kituoni kwa sababu gani?

Akampigia.

"Uko wapi?"

"Nakusanya vifaa vyangu."

"Viache hapo. Njoo kantini."

"Chiriku, usi…"

Akakata.

Kantini ilikuwa imejaa. Wenye magongo, wenye viti vya magurudumu, wanafunzi viziwi wakibishana kwa mikono. Chiriku alikwenda moja kwa moja hadi meza ya mama yake.

"Mama, fundi hana kosa. Skrubu nalegeza mimi."

Vijiko vilisimama.

"Unalegeza wewe? Mguu wako mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Umerogwa?"

"Nimependa."

"Umependa nini, kuanguka?"

"Nimempenda fundi! Na yeye ukimsubiri aseme, utazeeka. Ningemwona wapi tena?"

Mfuma vikapu mmoja, mzee asiyeona, aliinua kichwa.

"Jamani, fundi kaingia? Mnisimulie, sura yake ikoje?"

"Kama ya mtu aliyemeza skrubu, babu," mpishi akamjibu.

Kimya alikuwa mlangoni kweli, sanduku la vifaa mkononi. Mkurugenzi akamgeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua. Na…" Akahamishia sanduku mkono wa pili. "Ile skrubu hupakwa gundi isilegee. Ningeipaka mara moja tu, habari ikaisha. Sikuipaka."

"Kwa nini?" Sauti ya Chiriku ilikuwa ndogo.

"Nilitaka urudi."

Kantini nzima ililipuka. Mkurugenzi aligonga meza kwa kikombe.

"Nyamazeni! Nyie wawili, mna akili kweli? Angevunja nyonga je? Mngekwenda kupendana wodini?"

Wakainamisha vichwa kama watoto walioiba sukari.

"Fundi, utarudi karakana, na barua ya onyo juu. Bodi nitaongea nayo mimi. Lakini mguu huu hutaugusa tena. Fundi hamhudumii mchumba wake."

"Mchumba?" Mama alisimama. "Mchumba nani? Kuna mtu kaniposea mtu hapa?"

Macho yote yakamwelekea Kimya. Akaweka sanduku chini.

"Mama, naomba nije nyumbani na wazee wangu."

"Kuja kufanya nini? Malizia."

"Kumposa binti yako."

"Mwenyewe umemuuliza, au unaniuliza mimi kwa kuwa ndiye mwenye kelele?"

Kimya akamgeukia Chiriku.

"Utanikubali? Mimi maneno sina."

"Nina ya kututosha wote," Chiriku akasema, akicheka na machozi yakimtoka. "Nimekubali!"

Vigelegele vikapaa. Wanafunzi viziwi wakainua mikono juu wakiitikisa, ndiyo makofi yao hayo. Mzee wa vikapu akadai aelezwe kila kitu upya, tangu mwanzo.

Mama alitoka uani, akapiga simu.

"Dada, Jumapili uje mapema, tuna ugeni… Yule fundi niliyekwenda kumsema afukuzwe, unamkumbuka? … Ndiye … Sijachanganyikiwa, nisikilize! Analeta posa … Kazi anaijua, tatizo mdomo tu, na mdomo kwetu haujawahi kupungua … Haya, usichelewe. Na usimseme vibaya tena, ni mkwe wangu huyo."