Kikombe cha Kitanda Kumi na Nne

Saa saba mchana kantini ya hospitali huwa vurugu tupu. Wauguzi wana njaa, wagonjwa wanaburuta ndala, jamaa zao wameshika vibakuli, na wote hao wanagombea maikrowevu moja iliyochoka kuliko wao. Hapo ndipo dada mmoja wa dobi, ambaye wenzake walimwita Povu, alipomwona mwanamume wa ovaroli ya buluu, doa la grisi kifuani, akikoroga kikombe kama anayechanganya zege.

"Kaka, hicho ni chakula au unajenga?"

"Uji wa mama. Siku ya nne hii anaukataa. Nikasema niutie chokoleti."

"Umemtilia tope. Sogea."

Povu alikuwa na kopo lake mfukoni mwa aproni, unga wa ngano, kakao, sukari na chembe ya beking pauda, vyote kavu. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake ya mchana baada ya kushinda na mashuka ya watu. Akasuuza kikombe, akamimina, akaongeza maziwa na mafuta vijiko viwili, akakoroga hadi madonge yakaisha, kisha akakitia kwenye maikrowevu itoke keki.

"Dakika moja na nusu tu. Ukizidisha, mama atatafuna soli ya kiatu."

Mama mtu, kitanda kumi na nne ghorofa ya tatu, alikula nusu kikombe. Akauliza nani kapika. Akaambiwa ni dada wa dobi.

"Mwambie kesho tena," akasema. "Na wewe chana nywele."

Ikawa kesho, na kesho kutwa. Mwanamume yule alikuwa fundi wa lifti, na lifti ya hospitali ilikuwa mbovu, basi Povu akapata la kumtania.

"Fundi lifti anapanda ngazi. Makubwa haya."

"Mganga hajigangi. Halafu hawa hawajaniita kuitengeneza."

Jioni Povu akifika chumbani kwake, simu kutoka kwa Fundi hulia kabla hajavua viatu.

"Umekula, kipenzi?"

"Bado. Wewe?"

"Mimi nimeshiba sauti yako."

"Hiyo haina mboga, baba. Kale."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Dobi nzima ilijua. Povu alianza kupaka mafuta mikono yake iliyobabuka kwa dawa ya madoa, na kitambaa chake cha kichwa kikawa cha njano badala ya kile cheusi. Ila kule juu mama alizidi kupungua. Nusu kikombe kikawa vijiko vitatu, vijiko vitatu vikawa kulamba ncha ya kijiko na kufumba macho.

Sasa, dobi ile ilikuwa na lugha yake. Shuka za mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani wauguzi walizifunga fundo moja. Za aliyekufa, mafundo mawili, ili zichemshwe peke yake. Juu yake hubandikwa plasta yenye namba ya kitanda.

Alhamisi moja, saa saba haijagonga, lilishuka furushi la mafundo mawili. Kumi na nne.

Povu alilifungua. Pembeni mwa shuka palikuwa na doa la kakao, la jana yake. Alilijua. Alikuwa amesimama kando ya kitanda mama alipodondosha kijiko, akasema, "Mtanifulia wenyewe, si ndiyo kazi yenu."

Akakimbia kantini. Alimkuta Fundi kwenye foleni, kachana nywele, kikombe mkononi, uso unameremeta.

"Povu, tazama. Leo nimekoroga mwenyewe, hata donge moja huoni."

Alifungua mdomo. Mwaka uliopita, mbele ya maikrowevu hiyo hiyo, aliwahi kumpa pole mzee mmoja kwa sababu ya mafundo mawili. Kumbe mkewe alihamishwa kitanda tu, muuguzi alikosea kufunga. Mzee alianguka pale pale, na Povu akaapa hatabeba tena habari za dobi.

"Mbona umenuna, mpenzi?"

"Kichwa tu."

"Basi subiri unionjee."

Akakitia kikombe kwenye maikrowevu, sahani ya ndani ikazunguka. Keki ikaumuka, ikachungulia mdomoni mwa kikombe. Fundi alikuwa anacheka. Kengele ilipolia alikitoa kwa kitambaa, akapanda ngazi mbili mbili.

Wodi ya watu ishirini ilimsikia akiita kutoka mlangoni, "Mama, leo imeumuka." Kitandani palikuwa na godoro tupu, na muuguzi anatandika.

Siku ya tatu baada ya maziko alikwenda dobi kuulizia mtandio wa mama. Mzee mmoja mpiga pasi, kwa wema wake, akamwambia, "Pole, mwanangu. Povu ndiye aliyelifungua furushi, hata saa saba bado."

Fundi akageuka. Povu alikuwa nyuma yake na kapu la mashuka.

"Ulijua."

Povu akalitua kapu.

"Ukanitazama nacheka."

Akaondoka. Povu alipiga simu, ikaita hadi ikakata. Kesho yake hivyo hivyo. Miezi miwili ikapita, kitambaa cha njano kikarudi sandukuni.

Hatimaye hospitali ilimwita fundi wa lifti. Mchana mmoja Povu aliingia kantini akamkuta pale, ovaroli ile ile, amekonda, kikombe cha mama mkononi.

"Nimejaribu mara tisa nyumbani," akasema bila salamu. "Inatoka soli."

"Unaiweka muda gani?"

"Sijui. Naitazama sahani inazunguka, nasahau kuitoa."

Povu akachukua kikombe, akatoa kopo, akakoroga. Unga kidogo ukamwagika.

"Ningeweza kukwambia sikuwa na uhakika," akasema. "Niliwahi kukosea, nikamwangusha mzee wa watu. Lakini doa la kakao nililiona. Nilijua."

"Basi kwa nini?"

"Ulikuwa unacheka. Nikasema mwache abaki na mama yake dakika moja na nusu."

Nyuma yao mtu alikohoa, foleni ilikuwa inasubiri. Fundi akafunga mlango wa maikrowevu, akabonyeza.

"Zilikuwa dakika zangu," akasema. "Si zako kunigawia."

"Najua. Nisamehe."

"Kule nyumbani nazungumza na kikombe, Povu. Nikikaa na mtu, nataka yule atakayeniambia hata linalonivunja mgongo. Mwingine sitamweza."

"Unanichumbia au unanigombeza?"

"Vyote viwili. Jibu unalo?"

Sahani ilizunguka. Povu alimwona macho yakiganda kwenye kioo, yanakwenda mbali, yanapanda ngazi mbili mbili. Kengele ikalia, Fundi hakuisikia.

Povu akamshika mkono wenye grisi.

"Jibu ninalo, nitakuwa nakwambia. Imekwisha," akamwambia. "Itoe."

Akaitoa.