Shati Lililochakaa Upande Mmoja

Majirani zangu, nimechoka, na sina nguvu ya kupamba maneno. Mimi ni dobi. Miaka ishirini na mbili nafua nguo zenu, najua nani anajimwagia mchuzi na nani analilia mto wake. Siri zenu nimezitunza. Leo naeleza yangu, na yakiwagusa na ninyi msinikasirikie, maana tulikuwa pamoja.

Mnakumbuka mtaa wetu ulivyokuwa. Asubuhi tunapanga ndoo kwenye bomba la mtaa, tunataniana, tunaulizana hali za watoto. Koki ya bomba lile ilivuja mwezi mzima, mpaka jirani yetu tuliyemwita Fundi Bomba alipotufungia koki mpya. Fundi alikuwa hodari wa kazi na mkali wa ulimi. Akipita uani kwangu lazima atupe neno: "Dobi, hizo shuka unazifua au unazizamisha?" Watu wanacheka, nami natabasamu huku moyoni naweka. Ndivyo nilivyo, naweka.

Siku moja polisi wakaja. Koki ile, pamoja na vipande vitatu vya bomba, Fundi alivichukua kwenye stoo ya shule alikopewa kazi ya kutengeneza vyoo. Hakubisha. Alimwambia hakimu, "Nimekosa, mheshimiwa. Niliviona vimekaa tu, na mtaani watu wanahangaika na maji." Wizi ni wizi, simtetei. Lakini sote tulichota pale, na hakuna aliyeuliza koki imetoka wapi.

Hakimu hakuwa na haraka ya kumfunga. Kosa lilikuwa dogo, tena la kwanza, na gereza limefurika. Akamtuma afisa wa uangalizi, mama mmoja wa makamo mwenye daftari, aje kutuuliza: mtu huyu akipewa adhabu ya kutumikia jamii, atengeneze mabomba ya shule na zahanati bila malipo huku akilala kwake, mtampokea?

Alitukuta kwenye foleni ya maji. Mshona viatu akadakia, "Mwizi alale kwake na mkewe? Hiyo ni adhabu au likizo?"

Watu wakaangua kicheko. Afisa akanigeukia. "Na wewe, mama? Nasikia mnapakana ukuta kwa ukuta."

Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini zile shuka zilinipanda kichwani. Nikasema, "Mfungeni. Akiingia ndani, mtaa utapumzika."

Akaandika. Nilisikia raha, nasema kweli yangu, raha ya mtu aliyejikuna panapowasha. Fundi akapewa miezi tisa.

Koki nayo iling'olewa, ikapelekwa mahakamani kuwa kielelezo. Bomba likazibwa kwa kijiti na mpira, na mimi dobi nikaanza kufuata maji mwendo wa saa nzima. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Methali hiyo nilikuwa nikiwatupia wenzangu.

Mwezi wa tatu wa kifungo, mke wa Fundi alibisha hodi, ametoka kumwona mumewe. Alikuwa amekonda, na binti zake wawili walishaacha shule. Akanipa shati. "Sare huko hazitoshi, shoga, kila mtu amebaki na nguo aliyoingia nayo. Nifulie hili. Kwangu hata maji ya kunywa sina."

Nguo haijui kudanganya. Nililikunjua lile shati nikaona upande wa kushoto mzima kabisa. Upande wa kulia, begani, kwenye mkono na kiunoni, kitambaa kimelika mpaka unaona vidole vyako.

"Huyu analalia nini?" nikauliza.

"Sakafu. Chumba cha watu arobaini, wamo mia na sitini. Wanalala ubavu wa kulia wote, kama njiti kwenye kiberiti. Mmoja hawezi kugeuka peke yake, mpaka nyapara apige makofi wageuke wote. Na nyapara naye, shoga, ni mtu, anapitiwa na usingizi."

Kwenye kiwiko niliona madoa. Damu naijua, hata ikiwa kidogo. "Anakohoa?"

"Chumba kizima kinakohoa."

Nililia juu ya beseni, na maji yenyewe nilikuwa nimeyabeba kichwani.

Kesho yake nilikwenda kwa yule afisa. "Mama, yale maneno yangu nayafuta."

"Hayafutiki, yalishasomwa mahakamani," akasema bila ukali. "Lakini anaweza kuombewa amalizie adhabu yake nje. Nileteeni majirani waseme kwa vinywa vyao."

Nikazunguka nyumba kwa nyumba na nguo zenu begani. Mshona viatu alitaka kunifukuza. Nikamwambia, "Suruali yako ya sherehe hii hapa, imepigwa pasi. Keshokutwa tunakwenda mahakamani. Utaivalia huko."

"Dobi, siku hizi umekuwa hakimu?"

"Hakimu tulikuwa siku ile kwenye foleni. Sasa twende tukatengue hukumu yetu."

Alikuja. Mlikuja kumi na mmoja, na nawashukuru. Lakini njoo leo, njoo kesho, faili halionekani, zikapita wiki saba. Fundi alitoka mwezi wa tano, mapafu yameshaingia kifua kikuu.

Miezi iliyobaki aliitumikia shuleni na zahanatini, dawa akizimeza palepale. Spana anaishika kwa mikono miwili. Vyoo vya shule alivimaliza, na bomba la mtaa akalifungia koki ya halali, tuliyoiomba kwa barua. Binti zake wamerudi darasani. Uani kwangu bado anapita, ananiamkia kwa adabu, anakwenda zake. Natamani anitukane shuka zangu hata mara moja.

Juzi nikamuuliza mkewe kama mgonjwa anapata usingizi. Akainama.

"Kitanda ni kipana, shoga. Lakini analala ubavu wa kulia mpaka anakufa ganzi. Hageuki mpaka nipige makofi."

Funzo

Mwenye kosa aadhibiwe, sikatai. Lakini si kila kosa ni la kufungiwa. Aliyeharibu kidogo na akakiri, apewe kazi ya kutengeneza alichoharibu, tumwone, atuone, alale kwake. Gereza libaki kwa wale tunaowaogopa, si kwa wale waliotuudhi. Na siku afisa atakapokuja na daftari lake kuuliza habari za jirani yako, meza kwanza kinyongo ndipo ufungue mdomo. Mimi neno langu lilichukua pumzi mbili kulisema. Mwenzangu analipigiwa makofi kila usiku.