Rudi Kidogo

Jumamosi hiyo Muchiri alitoka kwao Woodley akipiga mluzi. Jua lilikuwa zuri, lile la jioni linalopendwa na wapiga picha, na rafiki yake Jacklyne alikuwa akimngoja Kilimani, juu ya paa la gorofa anakoishi, amevaa rinda jeusi na viatu vyekundu. Ungemwona kijana huyo akipanda ngazi na kamera yake shingoni, ungesema hajawahi kuua hata nzi.

Wapi! Muulize Awuor, kama kaburi hujibu. Mwaka uliopita Muchiri alimpandisha Awuor juu ya jengo kuukuu katikati ya mji, mahali penye kijiukuta kinachofika kwenye kifundo cha mguu tu. Alitaka picha iliyo na magorofa yote nyuma yake. Akaweka jicho kwenye kamera. "Rudi kidogo," akamwambia. "Bado kidogo. Usiogope, nafasi iko." Awuor alimwamini rafiki yake, akarudi. Nafasi haikuwepo.

Na unajua alichofanya? Polisi aliwaambia msichana alipanda peke yake kujipiga selfi, yeye alikuwa chini akinunua maji. Kwenye matanga alikaa mstari wa mbele, kitambaa mkononi. Mama Awuor akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, mliambiana nini na Awuor mwisho?"

"Mama, hata sikuwepo," akajibu kwa macho makavu. Jamani, kuna watu wana roho ngumu!

Mama akamwachilia. "Sawa," akasema. "Aliyekuwepo atarudi kuniambia."

Basi paa hili la Kilimani Muchiri alilikubali kwa sababu ukuta wake ulimfika kifuani. Hakuwa mjinga.

"Sasa Jackie, simama hapo. Kidevu chini. Rudi kidogo."

Jacklyne akarudi nyuma. Kamera ikalia. Muchiri akaangalia skrini. Jacklyne alikuwa ametoka vizuri, kamba za nguo nyuma yake, na mbali kule kwenye tangi la maji, mtu amesimama. Amevaa rinda la manjano.

Akainua macho. Kwenye tangi hapakuwa na mtu.

"Kuna mwenye anafua hapa?"

"Wapi? Ni sisi wawili tu."

Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Haya. Rudi tena kidogo."

Kamera ikalia. Rinda la manjano lilikuwa limeachana na tangi. Sasa lilikuwa kwenye kamba za nguo, katikati ya mashuka. Awuor alianguka na rinda la manjano.

Hapo Muchiri akaelewa. Jacklyne aliambiwa arudi, akarudi nyuma. Lakini palikuwa na mwingine aliyelisikia neno hilo hilo. Huyo alikuwa akirudi.

"Inatosha. Tushuke."

"Kwani ni nini? Piga moja ya mwisho basi. Nirudi?"

"Usiseme hivyo!"

Kamera ikalia yenyewe. Kwenye skrini Jacklyne hakuwepo. Kulikuwa na uso wa Awuor tu. Karibu mno. Anamtazama.

Jacklyne, amekasirika, akainama kufunga kiatu chake. Muchiri akahisi pumzi sikioni. Baridi. Akasikia sauti aliyoijua.

"Rudi kidogo."

Miguu ikarudi nyuma. Yeye hakutaka. Ilirudi.

"Awuor, nisamehe."

"Bado kidogo."

Akanyoosha mkono nyuma autafute ukuta. Akapapasa. Hakuna ukuta.

"Usiogope," ikanong'ona. "Nafasi iko."

Jacklyne anasema alisikia "Awuor, nisamehe" tu. Alipoinua kichwa, paa lilikuwa tupu na ukuta ulikuwa pale pale, wa kumfika mtu kifuani. Kisha mlinzi wa geti akapiga ukemi huko chini.

Kamera ilibaki juu. Ilikuwa sakafuni, imewekwa taratibu, kifuniko cha lenzi kimefungwa. Jacklyne aliifungua kabla polisi hawajafika, na picha ya mwisho akaichapisha, akaipeleka kwa Mama Awuor. Inamwonyesha Muchiri, mdomo wazi, mikono hewani. Nyuma ya visigino vyake kuna kijiukuta kifupi, na nyuma ya kijiukuta, magorofa ya katikati ya mji.

Mama aliitazama bila chozi. "Haya," akasema. "Ameniambia." Akaiegemeza kando ya picha ya binti yake, akaenda jikoni kumtengenezea mgeni chai.

Jacklyne akabaki peke yake na zile picha mbili. Ndipo alipoona. Muchiri alikuwa na kamera moja tu maishani, hiyo hiyo iliyompiga picha hii. Na kwenye picha hiyo, inaning'inia shingoni mwake.