Herufi Iliyomezwa

Pikipiki nyekundu aina ya Boxer ilipenya katikati ya malori mawili yaliyobeba shaba. Kioo cha pembeni kikang'oka.

Jenista hakugeuka kukitazama.

Mbele yake Land Cruiser nyeupe ilichepuka, ikajibana kwenye foleni ya mpakani Tunduma. Alipoifikia, milango ilikuwa wazi na injini bado inanguruma. Osward aliyekuwa akiiendesha ametoweka. Kwenye kiti palibaki simu tu, Tecno iliyopasuka kioo.

Asubuhi ileile Osward alikuwa amemuua Lusajo kwa risasi ya kifua. Lusajo alikuwa jasusi kama Jenista. Alikuwa pia mchumba wake.

Jenista alisubiri kilio. Hakikuja. Akaendelea na kazi.

Kifaa cha sikioni kikakoroma.

"Kipanga, lete taarifa." Ilikuwa sauti ya Barnaba, mkuu wake.

"Nimempoteza, Mkuu. Nina simu yake."

"Baruti zilizoibwa mgodini Saza, Osward anawakabidhi wageni leo. Wanataka kulipua bomba la mafuta. Wanakutania wapi?"

Jenista alijibanza nyuma ya duka la vipuri, akafungua kompyuta yake ya ThinkPad, akachomeka simu. Kwenye ujumbe wa mwisho baadhi ya herufi zilikuwa zimefichwa, kila moja imegeuzwa kuwa mkwaju wa nyuma (\), x na tarakimu. Akaendesha programu ya lugha ya C aliyoiandika Lusajo, ya kuzirudisha herufi halisi.

NJlambo, ghalani.

"Mkuu, kuna mahali panaitwa Njlambo?"

"Hakuna. Itakuwa Njombe hiyo. Natuma vijana Njombe."

"Usitume. Nipe dakika."

Akakodolea macho maandishi ghafi.

N\x64alambo.

64 ni d. Lakini katika hesabu ya kumi na sita ya kompyuta, herufi a hadi f nazo ni tarakimu. Programu haikujua pa kusimama. Ilimeza na a isiyoihusu, ikapata 64a, ikabaki na 4a tu, ikatema J. Lusajo na haraka zake.

Akaongeza sharti moja: soma tarakimu mbili, kisha acha. Akaiendesha upya.

Ndalambo, ghalani.

"Ndalambo, Mkuu. Fungeni barabara. Mimi natangulia."

Boxer ikala vumbi.

Ghala la mahindi lilikuwa wazi. Wageni wawili walikuwa wakipakia masanduku kwenye Fuso. Osward alikuwa kando, anavuta sigara.

"Mikono juu!"

Osward akachomoa bastola. Glock ya Jenista ikabweka mara moja. Bastola ikaanguka, na Osward akaanguka juu yake, ameshika bega. Nje ving'ora vikalia. Wageni wakalala chini bila kuambiwa.

"Dada, tuyamalize," Osward akasema kwa shida. "Yule jamaa wa asubuhi alikuwa wako?"

"Alikuwa wangu."

Mdomo wa Glock ulikuwa kwenye paji la uso wake, kidole kwenye kifyatulio. Jenista alisubiri hasira. Nayo haikuja.

Akamfunga pingu.

Polisi walipoingia, yeye alikuwa anatoka.

"Baruti zote zipo, Mkuu."

"Kazi nzuri, Kipanga." Barnaba akaendelea. "Mama yake Lusajo amefika kutoka Ileje. Yuko hospitali, anamuulizia mwanawe. Tumwambieje?"

"Msimwambie kitu. Mpeni kiti akae. Nakuja kumwambia mwenyewe."

Akavaa miwani ya jua, akapiga kiki Boxer, akaondoka taratibu, kama mtu anayetoka sokoni.