Mafuta ya Abu Tarabu

Ibtisam alikuwa juu ya paa bapa la nyumba, akiweka madonge ya mikate juani yaumuke, aliposikia mtoto analia. Alishuka mbio. Mumewe, Wadie, alikuwa akiingia mlangoni amembeba binti yao Fibi. Mguu wa mtoto ulikuwa unavuja damu.

"Ni mbwa wa kule kwenye miwa," Wadie alisema, akihema. "Nimemvuta kwa nguvu mpaka akamwachia. Mbwa huyo anatokwa na povu mdomoni."

Mama yake Wadie alileta kopo la kahawa ya unga, akaimwaga kwenye kidonda. "Damu itakata. Ibtisam, kanda unga usio na chachu. Tumwite Abuna asome sala ya mtakatifu Abu Tarabu."

Ndivyo walivyofanya watu wa kijiji hicho tangu zamani. Mikate midogo saba, mafuta ya zeituni, na wavulana saba wa kumzunguka aliyeng'atwa. Ibtisam alichukua unga.

Abuna Bisenti, padri wao, alifika upesi. Alipoiona kahawa alikunja uso.

"Nani kaweka uchafu huu?"

"Mimi," bibi alijibu. "Hata wewe nilikuwekea, ulipokuwa mtundu wa kupanda mitende."

"Mtende hauna kichaa, bibi. Leteni sabuni!"

Walikiosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba kwa robo saa nzima. Fibi alipiga mayowe.

"Kichaa cha mbwa huingia na mate," Abuna alieleza. "Ukiwahi kuosha na kuchomwa sindano, unapona. Ukingoja mpaka uanze kuogopa maji, umekwisha."

"Kwa hiyo humwamini tena Abu Tarabu?" bibi aliuliza kwa hasira.

"Namwamini. Watawala wa Rumi walitaka amkane Kristo. Alikataa, wakamuua. Wazee wetu wanasimulia kwamba hata mbwa mwenye kichaa alitulia mbele yake. Mtu mwenye huruma hivyo atapenda tumzike mtoto huyu? Sindano kwanza. Sala nitaisoma jioni."

Fibi alichomwa sindano katika kituo cha afya. Muuguzi aliuliza kama kuna mwingine aliyeguswa na mbwa. Wadie alishusha mkono wa kanzu yake, akambeba Fibi.

Jioni sala ilisomwa. Wavulana walizunguka huku wakisukumana na kucheka. Mwishoni Wadie alichovya vidole kwenye mafuta, akajipaka mkononi. Ibtisam alimwona, akafurahi. Alidhani mumewe ameshika dini.

Fibi alirudishwa kituoni kila tarehe aliyopangiwa, mpaka sindano zikaisha. Kidonda kilipona. Watu wakaanza kuvuna miwa.

Asubuhi moja Wadie alishindwa kumeza chai. Ibtisam alimpa maji. Wadie alitetemeka, akaisukuma bilauri ikavunjika.

"Wadie! Yule mbwa alikugusa?"

"Jino lilinikwaruza tu. Nilipaka mafuta."

"Mbona hukusema kituoni?"

"Mwanamume mzima, nipange foleni na watoto kwa mkwaruzo? Wangenicheka."

Alifia hospitali ya mjini, akiwa na kiu na hawezi kunywa. Ibtisam alimlilia sana. Alimkasirikia pia, na hasira hiyo haikuisha upesi.

Mwaka uliofuata mtoto wa jirani aling'atwa. Mama yake alikuja kuomba mikate saba. Ibtisam alitoka na kipande cha sabuni, akamfuata mpaka kwake. Alipokwisha kumwosha mtoto, aliwageukia watu wote wa nyumba ile.

"Nani mwingine kaguswa na mbwa? Nionesheni mikono."

Baba wa mtoto alificha mkono mgongoni. "Mkwaruzo tu, mama Fibi. Usinitie aibu."

"Aibu? Mwenzako aliona aibu, nikamzika. Lete mkono!"

Aliushika, akautia chini ya bomba, akausugua kwa sabuni kwa robo saa huku machozi yakimtoka. Kisha akawapeleka wote wawili kituoni, na akawasindikiza kila tarehe mpaka walipomaliza. Wote wawili wako hai.

Jioni ya siku ile ya sindano ya kwanza, Ibtisam alioka mikate saba. Wavulana walipozunguka, katikati yao walikaa watu wawili, mtoto na baba yake.