Alama za Vema Kwenye Kalenda

Kila Jumamosi ya pili, kabla ya chai, kazi yangu ilikuwa kuosha machujio ya kiyoyozi cha chumbani kwa Bibi. Unazima umeme, unafungua kifuniko, unachomoa machujio mawili, unayaosha kwa maji na sabuni, unayaanika kivulini mpaka yakauke kabisa, halafu unayarudisha. Kisha unaweka alama ya vema kwenye kalenda ya ukutani. Nisiwafiche, nilikuwa mvivu wa kutupwa. Nikaanza kuweka alama bila kuosha. Mama akiiona kalenda, ananisifu. Miezi mitatu ikapita hivyo.

Bibi alikuwa na pumu, na joto lilimtesa, kwa hiyo alishinda chumbani humo na paka wake. Paka huyo tulimwita Mwenyekiti, maana akishakikalia kiti cha dirishani, hakuna wa kumwondoa. Bibi alimlea tangu Babu afariki, na alizungumza naye kuliko alivyozungumza na sisi.

Bibi akaanza kukohoa. Kikohozi kikazidi, ikawa hata kunywa uji ni lazima apumzike katikati. Mama alikung'uta zulia, akafua mapazia, kisha akaniuliza kuhusu kiyoyozi. Nikamwonyesha kalenda. Basi lawama zote zikamwangukia Mwenyekiti na manyoya yake. Bibi alimsihi Mama amwache, lakini hakusikilizwa. Jirani akamchukua kwenye kikapu, akampeleka kwa ndugu zake mtaa wa mbali. Mimi nilisimama mlangoni, roho inanisuta, na mdomo nikaufunga.

Paka aliondoka, kikohozi kikabaki. Wiki iliyofuata Bibi alibanwa kifua, akalazwa hospitali. Daktari aliuliza sana kuhusu hewa ya chumba chake, na Mama aliporudi akamwita fundi wa viyoyozi.

Fundi aliingia akitutania, lakini alipofungua kifuniko utani ulimwisha. Vumbi lilikuwa limeshonana kwenye machujio kama sufi. Nyuma yake ukungu mweusi ulikuwa umetanda hadi kwenye feni, na trei ya maji ilikuwa na utando unaonuka. Akamweleza Mama kwamba hewa yote aliyovuta mgonjwa ilipitia humo. Halafu akaitazama kalenda.

"Hizi alama kaweka nani?"

Nikasema ni mimi, na kwamba kwa miezi yote hiyo sikuosha hata mara moja. Mama hakunipiga. Aliketi kwenye kitanda cha Bibi na kulia, nami nilitamani anichape tu yaishe.

Fundi alisafisha mashine yote siku hiyo. Mama alimpigia jirani simu kuomba paka arudishwe. Tukaambiwa Mwenyekiti alitoroka siku ya kwanza, na hajaonekana tena.

Bibi aliporudi, amekonda, nilipiga magoti nikamweleza kila kitu. Alinishika mkono, akaniinua.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu," alisema. "Ungesema umechoka, mama yako angeosha mwenyewe, ungegombezwa kidogo, basi. Lakini ulitupatia uongo tukauamini, tukautumia kuamua. Ukidanganya, hujui nani ataadhibiwa kwa ajili yako."

Siku hizi naosha machujio, na Bibi huyakagua kwenye mwanga kabla hajaweka alama mwenyewe. Kifua chake kimetulia. Kile kiti bado kiko dirishani, na hakuna anayekikalia.