Taa za Uwanja

Aliyepatwa na haya ni Enok, rafiki yangu anayeondoa theluji kwenye uwanja wa ndege wa kijiji chetu, huku karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Ilikuwa mchana, lakini msimu ule jua halichomozi kabisa. Nje ni giza totoro. Alikuwa akisukuma theluji kwa greda, kwani ndege ilitarajiwa kumchukua mama mkwe wake, aliyekuwa hoi. Mgonjwa alilazwa kwenye kibanda cha abiria, akiangaliwa na Della, mke wa Enok.

Mara taa zikawaka pande zote mbili za njia ya ndege. Huku kwetu huziwasha rubani mwenyewe akiwa angani, kwa kubonyeza redio yake. Enok akasogea pembeni, akazima injini, akasema redioni kama ilivyo ada, "Njia nyeupe. Karibu utue."

Aliyejibu ni Della, kwa redio ya kibandani. "We Enok, unamkaribisha nani?"

"Ndege ya mama, nani mwingine? Taa si hizo!"

"Acha utani, baba watoto. Ndege haijaruka. Mjini kuna tufani."

Enok akatazama njiani; palikuwa patupu. Hapakuwa na mngurumo wowote, ila magurudumu yalisikika yakikwaruza barafu mbele yake, yakipunguza mwendo, hadi yakasimama. Mlango ukasikika ukifunguka. Kisha theluji ikaanza kulia chini ya miguu ya mtu, kwacha, kwacha, ikipita ubavuni mwa greda kuelekea kibandani.

Taa zikazimika.

"Enok," Della akaita redioni, "mama ameinuka, anavaa viatu. Na wewe ingia basi, mbona unagonga mlango?"